"Haitatuliki" au "haijatatuliwa"?

SWALI: Natafsiri programu ya kompyuta inayofanya hisabati kwa alama. Mtumiaji akiomba integrali (fomyula ya kupimia eneo chini ya grafu) na programu ikashindwa, humrudishia swali lake lilelile. Niandike "Integrali hii haitatuliki"? Na niseme "kuunganisha" au "kuintegreti"?

JIBU: Nianze na jepesi. "Kuunganisha" waachie mafundi wa nyaya na mabomba; mwanafunzi akisoma "unganisha x²" atauliza, na nini? "Kutafuta integrali" inatosha, na haimlazimishi mtu kunyambua kitenzi cha kigeni.

"Haitatuliki" ndiyo inayonitia wasiwasi. Kitenzi chenye -ik- kikikanushwa, lawama huangukia kitu chenyewe. Mlango haufunguki: tatizo liko mlangoni. Mlango haujafunguliwa: pengine hakuna aliyeleta ufunguo.

Sasa tazama programu zenyewe. SAINT, aliyoiunda James Slagle huko MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1961, ilijaribu mbinu moja baada ya nyingine, kama mwanafunzi aliye kwenye mtihani. Ikikwama, ni mbinu zimeiishia. Huko ni "haijatatuliwa". -Ja- inakubali kwamba wewe unaweza kubadilisha kigeu ukafaulu.

Mwaka 1969 mwanahisabati Robert Risch alileta njia ya aina nyingine, ambayo kwa kundi kubwa la fomyula huweza kuthibitisha kuwa jibu la kuandikwa kwa fomyula za kawaida halipo kabisa. Hapo -ik- imepata haki yake, ila bado si kwa kitenzi "tatua". Chukua e kwa kipeo cha −x². Integrali yake ipo, tena eneo lote chini ya grafu yake ni kipeuo cha pili cha π. Kisichowezekana ni kuiandika kwa vipeo, logi, sine na jamaa zao. Basi sema "haiandikiki kwa fomyula za kawaida". Ni maneno mengi kwa kisanduku kidogo cha skrini, najua.

SymPy, programu huria ya hisabati kwa alama, ina alama mbili tofauti kwa hali hizi mbili: kukwama, na kuthibitisha kuwa fomyula haipo. Kama programu yako haitofautishi, andika "Integrali haijapatikana". Usiandike "haipatikani". Hata mitambo ya simu, ikikwambia namba unayopiga haipatikani, huongeza upesi: "kwa sasa".