Arosto haianzi kwa kelele

SWALI: Assalaam aleikum bibi. Mimi na wenzangu tunatayarisha filamu ya dakika 20 ya kijana anayetumia unga na mama yake. Kila mwigizaji wetu anapocheza arosto, yaani hali inayompata mtumiaji akikosa unga, hujigaragaza na kupiga ukelele, na sisi wenyewe tunaishia kucheka. Tena mwenzetu mmoja ameshikilia tuoneshe sindano kwa karibu. Tufanyeje?
Msomaji, Jang'ombe

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mnacheka kwa sababu mwigizaji wenu anaanzia mwisho. Arosto ya heroini huanza kiasi cha saa 6 hadi 12 tangu mtu alipotumia mara ya mwisho, na huja kidogokidogo: miayo isiyo ya usingizi, kamasi jepesi, machozi, malaika ya mwilini kusimama mchana wa jua kali. Jasho, tumbo la kuendesha, mifupa kuuma na miguu kurukaruka kitandani hufuata baadaye. Siku ya pili na ya tatu ndizo nzito. Basi kabla ya kila onesho mwambieni yuko saa ya ngapi. Apige miayo akizungumza na mama yake, naye ajitahidi kuificha.

Macho nayo. Teja aliyekwishatumia, mboni zake huwa kama nukta. Akipatwa na arosto hutanuka. Hilo haliigiziki, ila mwanga utawasaidia: mwekeni dirishani penye jua zisinyae, kisha chumba chenye kiza zitanuke. Msimtie mtu dawa ya macho kwa ajili ya filamu.

Mimi ni mhariri wa filamu, na kilio hakinisaidii kitu pale mezani ninapohariri. Nipeni mama anayefungua pindo la kanga, anatoa noti, anamtuma mwanawe mikate ya asubuhi, kisha anabaki akisikiliza kila hatua inayopita uchochoroni. Kijana anarudi na mikate, chenji kamili. Mama anaihesabu mbele yake. Hapo kamera ibaki usoni kwa kijana, msiikate mapema. Uraibu umo humo, katika nyumba ambayo mtungi wa gesi umefungwa mnyororo na hakuna anayeutaja.

Kinanda cha huzuni kiondoeni. Kuna filamu ya Marekani ya 1971, *The Panic in Needle Park*, ya wapenzi wawili watumiaji heroini jijini New York. Haina muziki wa kusindikiza hata kidogo, unasikia barabara na vyumba tu. Nyinyi mna feni, adhana, honi za daladala. Rekodini hizo kando, dakika mbili mbili kila mahali mnapopiga picha. Vijana wengi husahau, halafu wananiletea filamu yenye matundu ya sauti.

Kuhusu sindano, mwenzenu simuungi mkono. Mtazamaji akioneshwa sindano huangalia mkono, mtu mwenyewe humsahau. Na ukumbini huenda amekaa kijana aliyetoka soba hausi, nyumba ya wanaoacha unga, juzi, picha hiyo ikamwamshia hamu. Kwa sababu hiyohiyo, mshauri wenu akiwa mtu aliyeacha, mlipeni na msimshikishe kete ya bandia.

Skripti nyingi za hapa kwetu humaliza kwa kumuua teja au kumponya kwa dua moja. Fikirieni jambo jengine: tangu 2015 Kidongo Chekundu, hapa mjini Unguja, pana kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini, na hunywewa mbele ya mhudumu, siku baada ya siku. Mtu anayepaswa kufika kila asubuhi, mvua ikinyesha, ndugu wakimcheka, huyo ana hadithi. Foleni itengenezeni kwengine kwa waigizaji wenu. Wagonjwa wa kweli msiwapige picha hata kwa mbali.

Na kibali cha BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar, kishughulikieni kabla ya kukodi kamera. Kamera hukodiwa kwa siku, na mwenye nayo hakurudishii pesa kwa sababu karatasi yako bado iko ofisini.