Waini nyekundu kwenye joto la Mtwara: maswali yenu

Wiki tatu zilizopita niliandika hapa jinsi tulivyoonja waini nyekundu nne za kiwanda kidogo cha Dodoma, kinachotumia zabibu za shamba lake chenyewe. Tulikuwa watano, barazani Shangani, hapa Mtwara. Maswali yamekuja mengi, haya ni baadhi.

Dada, ulisema tuipoze. Mimi nilifundishwa kwamba nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Nishike lipi? (Mhudumu wa hoteli, Mtwara Mjini)

Aliyekufundisha hakukosea, ila chumba alichokisema si chako. Kanuni hiyo imetoka Ulaya, kwenye nyumba za zamani zenye nyuzi joto 16 hadi 18. Chumba cha Mtwara mwezi wa Desemba kinagonga 30. Ukimimina kwa joto hilo, puani inatangulia spiriti, na tunda hulisikii tena.

Chupa ya kwanza tuliifungua vilevile ilivyotoka kabatini. Watatu kati yetu wakasema ni kali, haifai. Tukaiweka kwenye friji dakika 25, tukamimina upya. Chupa ileile! Safari hii ikanukia zambarau zilizoiva, na kwa mbali pilipili manga. Aliyetangulia kuikataa ndiye aliyetangulia kunyoosha glasi. Nakuomba sana, mdogo wangu, mwekee mgeni wako chupa kwenye friji nusu saa. Akishangaa, mwambie aonje kwanza.

Mtu asiyesomea anapimaje waini? (Msomaji, Lindi)

Mtu wa Kusini amesomea tangu utotoni. Ulipong'ata bibo likakukausha ulimi na kukukaba koo, ule ni ukakasi, na unaletwa na tanini. Zabibu nazo zina tanini, kwenye maganda na mbegu. Waini nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, na ndiko inakopata rangi, maana juisi ya zabibu nyekundu nyingi haina wekundu.

Mimina theluthi ya glasi. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe: ukingo ukiwa wa zambarau, waini bado changa, ukielekea rangi ya tofali, imeshakaa. Izungushe glasi, unuse kabla ya kuonja. Kisha piga funda dogo, ulitembeze mdomoni. Uchachu unaleta mate? Ukakasi unashika wapi? Ukikwaruza kama ndizi mbichi, huenda zabibu zilichumwa kabla ya kuiva, au zilikamuliwa kwa nguvu mno. Ukishika fizi taratibu kama chai ya rangi iliyokolea, hapo kuna fundi.

Mwisho tema au meza, halafu hesabu sekunde ambazo ladha inabaki mdomoni. Chupa yetu ya tatu ladha yake ilibaki mpaka nikafika kumi na mbili. Ya nne, iliyokuwa na lebo ya kupendeza kuliko zote, ilitoweka kabla sijafika tatu. Mimi kipimo hiki cha mwisho nakiamini kuliko bei.

Nilinunua chupa mbili za kiwanda kimoja, ladha mbalimbali. Nimeuziwa feki? (Nachingwea)

Si lazima. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zinazoiva wakati wa mvua hunywa maji mengi na utamu hupungua. Za kiangazi hukolea. Kiwanda kikubwa huchanganya zabibu za wakulima wengi mpaka ladha ilingane. Mwenye shamba moja hana pa kujificha, kila mavuno yanajionyesha kwenye glasi. Hiyo ndiyo sababu nawapenda wadogo. Angalia kwenye lebo kama kuna mwaka au namba ya toleo, ulinganishe.

Kaka yangu ameniletea chupa kwa basi. Kizibo kimechomoza, ladha kama jemu iliyoungua. (Masasi)

Pole. Imepikwa na joto, na haitarudi. Hata yetu ya pili ilifika hivyo: kizibo kimechomoza kama ncha ya kidole, doa la zambarau limetiririka kwenye lebo hadi kitakoni. Ilisafiri kwenye buti mchana kutwa. Siku nyingine mwambie aipakate ndani ya basi. Nyumbani ilaze chini, gizani, wala usiiweke juu ya friji, pale pana joto kuliko unavyodhani.

Ikinuka siki, ipeleke jikoni ukaungie nyama. Ikinuka boksi lililoloa, kizibo ndicho kilicholeta ubaya, na hakuna dawa. Machicha chini ya chupa si ubovu, mimina polepole tu.

Na samaki je? (Mikindani)

Jodari na nyekundu yenye ukakasi huacha ladha ya chuma mdomoni. Tafuta mbuzi wa kuchoma. Sisi tuliweka korosho za kukaanga. Chumvi na mafuta yake hulainisha ukakasi.

Kikundi chetu kinatengeneza mvinyo wa mabibo. Tunaweza kuupima hivyohivyo? (Mama mjasiriamali, Newala)

Tena ningefurahi mno, mama. Kwenu kazi kubwa ni ukakasi, na dawa yake iwe kabla ya kuchachusha: uji mwembamba wa wanga, au jelatini, hushikana na tanini zikazama, mkachukua juisi safi ya juu. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamekuwa wakifundisha vikundi kazi za mabibo, waendeeni.

Siku ya kupima, mmoja wenu amimine glasi tatu za matoleo matatu, nyie wengine msijue ipi ni ipi. Kila mtu aandike kabla ya kusema, maana mwenyekiti akitangulia kusema, wote mtamfuata. Mabibo yakianza kudondoka nitakuja nikae nanyi. Niwekeeni maji, na kama ming'oko, vile viazi vya porini, ipo, michache ya kuchemsha ya kusafishia ulimi, isitiwe chumvi.