Barua kwa mwanangu: Umeingia ngamani?

Mwanangu,

Hapa Lamu hatujambo, ila mama yako hajala vizuri tangu barua yako isomwe. Wauliza kama boti ya mbao uliyoiona huko Falmouth, Uingereza, itaweza kuzunguka dunia nawe peke yako. Umetaja urefu, mlingoti, matanga mapya. Ngama, yaani tumbo la chini kabisa la chombo, maji yanapokusanyika, hukuitaja. Nimekwambia tangu u mdogo: chombo ni ngama.

Suhaili, boti ya Robin Knox-Johnston, ilitoka bandari hiyo hiyo Juni 1968 katika mashindano ya kuzunguka dunia peke yako bila kutua. Futi 32 tu, ya msaji, imeundwa Bombay kwa tezo na keekee kama za babu yako, wala haikuundiwa safari ile. Chichester, baharia Mwingereza, aliundiwa chombo chake mahsusi mwaka 1966, akazunguka nacho, na bado akakinung'unikia. Suhaili ilivuja Atlantiki, karibu na mkuku, uti wa chini wa chombo. Knox-Johnston akazama na pamba, akakalafati, yaani akaziba maungo ya mbao, huku amebana pumzi. Papa akaja, akampiga risasi, akarudi kazini. Waliotoka walikuwa tisa, aliyemaliza ni yeye tu, siku ya 312.

Nikifika hapo hulikumbuka lile jahazi la tajiri wa Shela, lenye macho ya buluu. Nililala chini ya tumbo lake, mchanga mgongoni, nikisokota pamba yenye mafuta na kuigongomea uzi kwa uzi, sikio kwenye nyundo, maana pamba ikishiba mlio hubadilika. Siku ya kulishua, hata mpiga rangi akavishwa shuka mbele ya watu. Mie nikaulizwa kama nimeshakunywa chai. Chai! Na lilikwenda Kismayu likarudi ngama kavu.

Mama yako asema huo ni wivu. Huenda. Lakini rangi haizuii maji. Haya, huzuia kidogo. Chombo ni ngama.

Uinunue? Sisemi, mtu mzima haamuliwi. Ingawa mbao kuukuu, na mtu mmoja, na pampu moja... basi, nimenyamaza. Ipandishe nchi kavu kwanza. Pitisha kisu chembamba maungoni, karibu na mkuku. Kikizama bila kubisha, mwenyewe apunguze bei au abaki nayo. Kisha yaonje maji ya ngama, uniandikie. Yakiwa ya chumvi yatoka chini. Yakiwa matamu ni mvua ya sitahani. Mama yako asijue nimekwambia uonje.

Babako