Bwawa la koi sebuleni

SWALI: Nataka kujenga bwawa la saruji la lita 5,000 sebuleni, ghorofa ya pili, ili nifuge samaki aina ya koi. Nianzie wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, anzia kwenye sakafu. Maji hayo pekee yana uzito wa tani 5, hivyo mhandisi aikague kwanza. Binafsi ningelijenga chini, juu ya ardhi. Saruji mpya huachia chokaa inayopandisha pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji), kwa hiyo ipakwe rangi maalumu isiyopitisha maji na isiyodhuru samaki.

Kinachoua koi wengi ni haraka ya mfugaji. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, nayo ni sumu. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha nitrati yenye madhara madogo, lakini bakteria hao huhitaji takribani wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Nakusihi uanze na samaki wawili wadogo, upime maji mara kwa mara, na uondoe klorini ya maji ya bomba kabla ya kuyaongeza. Pampu isizimwe usiku, na uwe na pampu ya hewa ya betri, kwa kuwa umeme ukikatika samaki na bakteria hukosa oksijeni.