Kipimo cha kuunda upya reli ya Kongwa
Ndugu, kwa kuwa umeuliza kipimo kinachofaa kuunda upya, kwa mfano mdogo, tawi la reli la Msagali hadi Kongwa, ambalo Waingereza walilijenga kwa ajili ya mradi wa karanga na ambalo baadaye liling'olewa, ninapendekeza 1:87, yaani kila kipimo halisi kigawanywe kwa 87, kwenye njia ya milimita 12 (upana kati ya vyuma viwili vya reli). Reli hiyo ilikuwa na upana wa milimita 1,000, ambao ukigawanywa kwa 87 ni takriban milimita 11.5. Njia ya milimita 16.5, iliyo rahisi zaidi kupatikana, kwa kipimo hicho inawakilisha reli pana zaidi, ya milimita 1,435, na itaharibu kabisa sura ya tawi letu. Anza na Msagali, ambako Reli ya Kati ingalipo, na umwombe mkuu wa stesheni ruhusa ya kupima.