Doa jeusi kwenye mwaloni na ng'ombe anayekufa kwa kokwa zake: mkosaji ni mmoja

Ndugu uliyeanzisha uzi, umeuliza mawili kwa mpigo: kwa nini ubao wako wa mwaloni umetoka alama nyeusi pale ulipoubana kwa vyuma gundi ikiwa mbichi, na kama ni kweli kokwa za mti huohuo hunenepesha nguruwe lakini huua ng'ombe. Waliotangulia wamekwambia haya hayahusiani. Nimechonga mwaloni miaka kumi na minne, na kabla ya hapo nilichunga ng'ombe kwenye shamba lililopakana na msitu wa mialoni. Kwangu mimi yanahusiana kabisa. Yote mawili ni kazi ya tanini.

Tuanze na doa, maana hilo liko mezani kwako.

Tanini ni molekuli kubwa yenye viduara vingi vya kaboni, na kila kiduara kimebeba vikundi viwili vitatu vya oksijeni na haidrojeni vilivyokaa bega kwa bega. Vikundi hivyo ndivyo vinavyonasa vitu. Moyo wa gogo la mwaloni umejaa aina iitwayo elajitanini, na zinazotajwa zaidi ni veskalajini na kastalajini. Hizi mbili zina atomi zilezile kwa idadi ileile. Tofauti ni kikundi kimoja tu kilichoelekea upande mwingine, na bado veskalajini ni nyepesi zaidi kuungana na vitu vingine. Mpaka leo jambo hilo hunistaajabisha.

Sasa, maji ya gundi yalilowesha vyuma vyako, chuma kidogo kikayeyuka na kuzama kwenye ubao. Tanini ikakinasa, hewa ikaingiza oksijeni, ukapata weusi wenye ubuluu ndani yake. Umetengeneza wino. Ndio uleule wa kale uliopikwa kwa feri salfeti (chumvi ya chuma) na vinundu ambavyo nyigu wadogo husababisha kwenye mwaloni. Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 liliandikwa kwa wino wa namna hiyo.

Usihangaike na msasa peke yake, weusi umeshuka ndani. Tumia asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji, ipake eneo lote ili usibaki na baka jeupe, kisha suuza vizuri. Inaachanisha chuma na tanini. Ila ni sumu, vaa glavu, na usipige msasa kabla hujasuuza, vumbi lake si la kuvuta. Siku nyingine weka karatasi ya nailoni kati ya chuma na mbao, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Meza yangu ya kwanza ya mwaloni niliisugua kwa brashi ya chuma, nikaifuta kwa kitambaa chenye maji, nikaenda kulala. Asubuhi ilikuwa na madoadoa kila mahali kama iliyonyunyiziwa masizi. Niliumia sana, ilikuwa kazi ya mtu.

Kinachonaswa si chuma tu. Tanini hupenda sana protini. Yeyusha jelatini, ambayo ni protini, kwenye maji ya uvuguvugu, mimina maji uliyochemshia magome ya mwaloni: mchanganyiko utachafuka papo hapo na utando utazama chini. Ngozi husindikwa kwa njia hiyohiyo, tanini ikifunga nyuzi za protini mpaka bakteria washindwe kuziozesha. Kwa magome ya mwaloni kazi huchukua karibu mwaka mzima. Jina lenyewe limetoka huko, maana Wafaransa huyaita magome yaliyosagwa "tan". Na ule ukakasi unaouhisi ukitafuna kokwa mbichi ni mate yako yakipoteza protini zinazolainisha mdomo. Si ladha, ni mkwaruzo.

Hapo ndipo nguruwe na ng'ombe wanapoachana. Kulungu wana protini kwenye mate zenye prolini nyingi (aina ya asidi amino), ambazo huidaka tanini kabla haijafanya madhara, na nguruwe pia huivumilia vizuri. Huko Hispania hunenepeshwa kwa kokwa hizo makusudi. Ng'ombe hana kinga hiyo. Vijidudu vya tumboni mwake huvunja tanini na kutoa asidi ya galiki na pirogaloli, ambazo huingia kwenye damu na kuharibu figo. Nimeshuhudia. Ulikuwa mwaka wa malisho haba, upepo ukaangusha kokwa mbichi kwa wingi, ndama watatu wakazila siku kadhaa. Walianza kwa kukataa chakula na kufunga choo, kisha wakaharisha weusi wenye damu. Wawili walikufa. Kwa hiyo usimlishe ng'ombe kokwa hizo, na majani machanga ni hatari vilevile. Zungushia uzio, na hakikisha ana chakula kingine cha kutosha, maana mwenye njaa ndiye hula mpaka kudhurika.

Mchangiaji mmoja kasema tanini huua viwavi kwa kuganda na protini tumboni. Wazo hilo lilipata nguvu kwa utafiti wa Paul Feeny wa mwaka 1970, aliyeonyesha majani ya mwaloni yakikomaa huongezeka tanini na kuwa magumu kuliwa na viwavi. Lakini utumbo wa viwavi wengi una alkali kali, na humo tanini haigandani na protini kirahisi. Inayowaumiza zaidi, hasa ikiwa elajitanini, ni kuoksidika kwake, yaani kuungana na oksijeni. Ninalitaja kwa sababu maelezo ya zamani bado yananakiliwa kila mahali.

Kwa binadamu, bakteria wa utumbo hugeuza elajitanini kuwa vitu viitwavyo urolithini, na kila mtu hupata kiasi chake kulingana na bakteria alionao. Ndiyo maana siamini vidonge vinavyoahidi matokeo sawa kwa wote. Tanini pia hupunguza chuma unachopata kwenye vyakula vya mimea, kama chai nzito inavyofanya, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu asinywe maji ya magome.

Kuhusu ubao wako, vaa barakoa nzuri unapopiga msasa. Vumbi la mbao, la mwaloni likiwemo, lilitangazwa na shirika la utafiti wa saratani la IARC mwaka 1995 kuwa linasababisha saratani, hasa ya pua. Mimi barakoa yangu niliichukua nikiwa nimechelewa miaka sita.