Jibu: Picha za Sentinel-2 zinatosha kuchora nyumba na mitaro?

Ndugu yangu, umeuliza kama picha za bure za setilaiti za Sentinel-2 zinatosha kuchora nyumba na mitaro ya mtaa wenu wa Dar. Hapana, hazitoshi. Pikseli yake moja, yaani nukta moja ya picha, inafunika mita 10 kwa 10 za ardhi. Kwenye mtaa uliobanana kama Tandale, nyumba na kichochoro chake vinamezwa humo na kuwa doa la kijivu. Kwa mashamba, mikoko au msitu unaokatwa ni hazina kubwa, maana setilaiti hupita kila baada ya siku chache. Kwa mtaa, tafuta picha za droni.

Mfano tunao hapa hapa. Mradi wa Ramani Huria ulianza 2015: wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora nyumba, njia na mitaro wakitumia picha za droni, kisha wakaingia mitaani kwa miguu. Hiyo hatua ya miguu usiiruke, nakusihi. Mwembe mmoja unafunika mita kadhaa za mtaro. Na picha haikuambii kama mtaro umeziba taka. Mama anayekaa pembeni yake anajua maji yalifika dirisha gani.

Kabla ya kuchora, simama na GPS kwenye kona inayoonekana wazi, linganisha na picha. Mara nyingi picha imesogea mita kadhaa. Halafu fuata msingi wa nyumba, usifuate bati, kwa sababu paa huonekana limeegemea upande. Ukitaka kurusha droni mwenyewe, shughulikia kibali kwanza.